Kujenga Karibu na Makorongo ya Dodoma: Vibali na Uchunguzi wa Kihandisi Kabla ya Kuchimba Msingi

Dodoma ina msimu mmoja wa mvua, unaoanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili, na wastani wa mvua ya mwaka ni chini ya milimita 600. Kwa sababu hiyo mito mingi ya mkoa huu hukaa mikavu sehemu kubwa ya mwaka, na viwanja vingi huuzwa na kununuliwa katika miezi ambayo korongo lililo mita chache kutoka kwenye bikoni linaonekana kuwa njia ya mbuzi tu. Lakini mvua hiyo ndogo kwa mwaka hunyesha kwa vishindo, na dhoruba ya saa moja inaweza kuleta maji ambayo hayakuonekana kwa miaka kumi iliyotangulia. Mwongozo huu unamhusu mtu anayekusudia kujenga nyumba, ghala, shule au jengo la biashara katika ardhi ambayo maji huweza kuifikia, na unaeleza vibali vinavyotakiwa, ofisi zinazohusika na uchunguzi wa kihandisi unaopaswa kufanywa. Mpangilio wa hatua una uzito kuliko hatua yoyote moja: uchunguzi wa maji utangulie, mchoro wa jengo uufuate, na maombi ya kibali yaje mwisho. Wengi hufanya kinyume, wakamlipa mchoraji kwanza, kisha wakatafuta mhandisi wa kuhalalisha kimo cha sakafu ambacho fundi alikwishakikadiria kwa macho.

Kuitambua ardhi yenyewe

Ardhi ya mafuriko katika Dodoma haina sura moja. Kuna kingo za makorongo yenye mchanga, ambazo humegeka na kuhama kila msimu. Kuna mbuga, yaani tambarare zenye udongo mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi, ambako maji hayapiti kwa kasi bali hutuama kwa siku nyingi. Bahi ndiyo mfano mkubwa, na ndani ya jiji eneo la Nkuhungu limekumbwa na mafuriko ya namna hiyo. Aina ya tatu husahaulika: ardhi iliyo upande wa juu wa tuta la barabara au reli, yaani upande maji yanakotokea, ambalo kalvati zake ni ndogo au zimeziba. Hapo maji hurudi nyuma na kujaza viwanja ambavyo wenyewe hawana mto wowote karibu.

Kabla ya kulipa chochote, kitembelee kiwanja na uangalie takataka zilizonasa kwenye miiba na nyaya za uzio, mchanga mpya uliotandazwa juu ya udongo wa asili, na madoa ya tope kwenye kuta za majirani. Nyumba za jirani zikiwa na vizingiti vilivyoinuliwa, au mifuko ya mchanga imepangwa mlangoni, tayari umepata jibu. Ongea na mwenyekiti wa mtaa na wazee waliokuwapo wakati wa mvua za El Nino za mwaka 1997 na 1998, uwaombe wakuonyeshe mahali maji yalipofika, kisha upige picha na uweke alama. Ushahidi huo si wa kupuuzwa, kwani katika makorongo mengi hakuna kipimo cha mtiririko kilichowahi kuwekwa, na mhandisi makini atautumia kusahihisha hesabu zake.

Mita 60 na mpaka wa maji

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuathiri uhifadhi, ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito, mabwawa na mwambao wa maziwa na bahari. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo, katika kifungu cha 7, inaitaja ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto miongoni mwa ardhi zinazoweza kutangazwa kuwa hatarishi. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inaongeza ulinzi wake juu ya vyanzo vya maji. Kwa mtu wa kawaida maana yake ni moja: jengo la kudumu ndani ya mita hizo halipaswi kupangwa, hata kama muuzaji ana karatasi.

Mambo mawili huleta utata. La kwanza ni mahali pa kuanzia kupima. Kipimo huanzia kwenye ukingo, wala si katikati ya mto, na katika korongo la mchanga ukingo wa mwaka huu si lazima uwe ule wa mwaka jana. Usipime mwenyewe kwa hatua; iombe bodi ya maji ya bonde husika ikuonyeshe ukingo, na umwite mpima ardhi aliyesajiliwa aweke umbali huo kwenye ramani pamoja na viwianishi. La pili, ambalo kwa maoni yangu ndilo lililowaingiza watu wengi zaidi katika hasara, ni kudhani kwamba mita 60 ndizo mpaka wa mafuriko. Sivyo. Umbali huo umewekwa kulinda mto na kingo zake, na ni uleule kwa mto mkubwa na kwa kijito. Katika mbuga iliyo tambarare maji huweza kutapakaa mamia ya mita kutoka kwenye mkondo, ilhali kwenye bonde lenye kingo ndefu yanaweza yasifike hata mita 20. Kuwa nje ya mita 60 hakukuondolei wajibu wa kufanya uchunguzi. Kunakupa tu haki ya kuomba kibali.

Mwenye shaka kuhusu uzito wa sheria hizi akumbuke bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam, ambako nyumba zilipakwa alama ya X na kuanza kubomolewa Desemba 2015.

Ofisi za kupitia

Anza na ofisi ya mipango miji ya halmashauri. Dodoma ilipangwa na Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, tangu mwaka 1973 hadi ilipovunjwa mwaka 2017 na kazi zake kuhamishiwa halmashauri, ambayo mwaka uliofuata ilipandishwa hadhi kuwa ya jiji. Kwa hiyo kiwanja kimoja kinaweza kuwa na nyaraka za enzi mbili tofauti. Omba kuuona mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa wa eneo lako, uhakikishe namba ya kiwanja na kitalu, na uangalie kama ardhi hiyo au sehemu yake imetengwa kuwa njia ya maji, eneo la wazi au hifadhi ya barabara. Kiwanja kilichomegwa kutoka kwenye shamba na kuuzwa kwa hati ya mauziano iliyogongwa muhuri wa mtaa hakina hakikisho hilo, na kibali cha ujenzi hakitolewi juu ya ardhi ambayo matumizi yake hayajapangwa kwa makazi au kwa shughuli unayoikusudia. Ikibidi, maombi ya kubadilisha matumizi hutangulia.

Ofisi ya pili ni bodi ya maji ya bonde. Mkoa wa Dodoma umegawanyika, na mwombaji akikosea bonde atapoteza wiki kadhaa. Makorongo mengi ya jiji huingia Kinyasungwe, kisha Mkondoa na hatimaye Wami, hivyo yako chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu yenye makao yake Morogoro. Mto Bubu unaoshuka kutoka upande wa Kondoa na kuishia kwenye mbuga ya Bahi uko chini ya Bodi ya Bonde la Kati, ambayo makao yake ni Singida. Maji yanayoelekea Mtera ni ya Bonde la Rufiji. Bodi ndiyo inayothibitisha mipaka ya hifadhi ya mto, na ndiyo inayopaswa kuombwa ruhusa kabla mtu hajachepusha, hajajaza wala hajaziba mkondo, hajajenga kivuko juu yake, hajachimba kisima au kumwaga majitaka ndani yake. Korongo kavu linahesabika kuwa mto katika jambo hili, kwa hiyo kulifukia kwa kifusi kwa sababu halina maji mwezi Agosti ni kosa.

Bodi hizi zina sababu nyingine ya kuwa kali hapa kuliko mahali pengine. Visima vya Makutupora, ambavyo kwa miongo mingi vimekuwa chanzo kikuu cha maji ya Dodoma, havijazwi na kila mvua. Vipimo vilivyoanza kuchukuliwa miaka ya 1950 vimeonyesha kwamba maji ya ardhini hupanda katika misimu michache ya mvua kubwa, ikiwemo ile ya El Nino, pale mito ya mchanga inapofurika na maji kuzama chini. Tambarare inayoonekana kupotea bure ndiyo inayolijaza bomba la jiji.

Upande wa mazingira, nyumba moja ya familia kwa kawaida haihitaji tathmini kamili ya athari kwa mazingira. Mradi mkubwa, kama mtaa wa nyumba, kiwanda, kituo cha mafuta au hoteli, hupelekwa kwenye taasisi ya taifa ya mazingira, ambayo wengi wanaijua kwa jina la NEMC. Huko mradi hupangwa katika kundi lake kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2005 kama zilivyorekebishwa mwaka 2018, na makundi hayo ndiyo yanayoamua kama utatakiwa kufanya tathmini kamili au andiko fupi. Ukaribu na ardhioevu au mto unaweza kuupandisha mradi mdogo kwenye kundi zito zaidi, kwa hiyo utaje ukaribu huo wazi tangu kwenye andiko la kwanza. Ukigunduliwa baadaye, safari huanza upya.

Mahali ambapo mtaro au kalvati ya barabara inahusika, zungumza na TARURA kwa barabara za mitaa na za wilaya, na TANROADS kwa barabara kuu na za mkoa. Majengo ya umma na ya biashara hupitia pia Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na eneo la ujenzi husajiliwa OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi.

Uchunguzi wa kihandisi

Mhandisi anayefaa ni aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi na mwenye uzoefu wa mambo ya maji. Mhandisi mzuri wa majengo anaweza kukupa nguzo imara katika mahali pasipofaa kabisa. Kwa jengo la kawaida unahitaji kazi nne, na ni vyema mkataba uzitaje zote kwa majina ili asije mtu akakuletea kurasa mbili zenye muhuri.

Ya kwanza ni upimaji wa sura ya ardhi. Mpima ardhi atoe ramani ya kontua yenye tofauti ya kimo isiyozidi nusu mita, na katika mbuga tambarare hata robo mita, pamoja na mikato ya mkondo, yaani michoro ya upana na kina chake, juu na chini ya kiwanja. Vimo vyote vifungwe kwenye alama ya kudumu ambayo fundi ataweza kuirudia siku ya kumwaga jamvi, yaani zege la sakafu. Picha za setilaiti zinazopatikana bure zinafaa kuchora eneo linalokusanya maji, ambalo wataalamu huliita dakio, lakini makosa yake ya kimo ni ya mita kadhaa na hazifai kuamulia kimo cha sakafu.

Ya pili ni hesabu ya maji yatakayokuja. Mhandisi huchukua kumbukumbu za mvua kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa, ambayo ina kituo cha siku nyingi Dodoma, na kukokotoa ukali wa mvua ya saa moja au chini yake kwa vipindi mbalimbali vya marudio. Kwa dakio dogo hutumika kanuni inayozidisha mgawo wa maji yanayotiririka, ukali wa mvua na ukubwa wa eneo. Tuchukue dakio la kilomita za mraba 3, mvua yenye ukali wa milimita 60 kwa saa, na ardhi ambayo asilimia 40 ya mvua hutiririka juu yake: jibu ni mita za ujazo 20 kwa sekunde. Kwa madakio makubwa kiasi, hadi kilomita za mraba 200, upo mfumo wa kukadiria mafuriko uliotengenezwa mahsusi kwa Afrika Mashariki na kuchapishwa mwaka 1976, na wahandisi wa barabara bado wanautumia.

Muulize mhandisi wako ametumia mgawo gani wa utiririkaji, kisha umuulize kama ni wa leo au wa miaka ishirini ijayo. Swali hili katika Dodoma si la nadharia. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu takriban 411,000 katika eneo ambalo sasa ni jiji, na ile ya 2022 ikahesabu zaidi ya 765,000. Vichaka vilivyokuwa vikinyonya mvua vimekuwa mabati, lami na viunga vya sakafu ngumu. Mgawo ukipanda kutoka 0.4 hadi 0.6 katika mfano wetu, mvua ileile huleta mita za ujazo 30 kwa sekunde, na maji hayo hufika haraka zaidi. Ripoti inayotumia hali ya leo peke yake itakuwa imepitwa na wakati kabla nyumba haijapakwa rangi ya pili.

Kipindi cha marudio nacho hueleweka vibaya. Mafuriko ya miaka 100 ni yale yenye uwezekano wa asilimia 1 kutokea katika mwaka wowote, na yanaweza kuja miaka miwili mfululizo. Katika nyumba utakayokaa miaka 30, uwezekano wa kuyaona angalau mara moja ni kama asilimia 26. Kwa mafuriko ya miaka 25, uwezekano huo unafika asilimia 71. Marekani, ambako ramani za mafuriko zimechorwa kwa sehemu kubwa ya nchi, kiwango kinachotumika kwa makazi ni hicho cha asilimia 1, nami naona hakuna sababu ya nyumba ya Dodoma kuridhika na pungufu. Mtaro wa barabara unaweza kusanifiwa kwa kipindi kifupi zaidi, kwa kuwa barabara hustahimili kufunikwa kwa saa mbili. Kitanda cha mtoto hakistahimili.

Ya tatu ni kubadilisha wingi wa maji kuwa kimo cha maji. Korongo lenye upana wa mita 8, kina cha mita 1 na mteremko wa mita 5 katika kila mita 1,000 linaweza kupitisha takriban mita za ujazo 14 kwa sekunde. Kwa mfano wetu wa mita za ujazo 20, kiasi kama 6 kitapanda ukingo na kuingia viwanjani, na kazi ya mhandisi ni kusema yatafika kimo gani na kwa kasi gani. Programu ya HEC-RAS, inayotolewa bure na kikosi cha wahandisi wa jeshi la Marekani, inatosha kwa kazi hii ikilishwa mikato sahihi. Ripoti itoe kimo hicho kwa namba, iongeze nafasi ya usalama, ambayo mara nyingi huwa kati ya sentimita 30 na 60, na itamke wazi kimo cha chini kabisa cha sakafu. Namba hiyo ndiyo inayopaswa kuandikwa kwenye mchoro wa jengo. Maneno kama “sakafu iinuliwe vya kutosha” yakataliwe.

Ripoti ionyeshe vilevile hali mbili, kabla ya jengo na baada yake, ili ijulikane kama ujenzi wako utapandisha maji kwa jirani. Kujaza kifusi kiwanja kizima ndiyo suluhisho linalopendwa na mafundi, na ndilo linalohamishia maji kwa mwingine, kwani nafasi iliyokuwa ikishika maji imetoweka. Afadhali kuinua jengo peke yake juu ya msingi mrefu au nguzo, na kuacha njia ya maji kiwanjani. Ikilazimu kujaza, moramu ishindiliwe kwa tabaka za sentimita 15 hadi 20 na pande zake zilindwe kwa mawe.

Ya nne ni uchunguzi wa udongo. Udongo mweusi wa mbuga huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na nyumba nyingi zenye nyufa katika viunga vya Dodoma zimepasuliwa na udongo huo bila mafuriko yoyote. Mashimo ya majaribio yachimbwe hadi tabaka gumu, sampuli zipelekwe maabara kupimwa uvimbaji na mipaka ya unyevu, na kina cha maji ya ardhini kikaguliwe tena wakati wa masika. Majibu ndiyo yatakayoamua kama udongo uondolewe na kubadilishwa, au msingi ushushwe kwa nguzo hadi chini ya tabaka linalovimba. Karibu na mkondo, mhandisi akadirie pia kina ambacho maji yanaweza kuchimbua, na msingi upite chini ya hapo. Reli ya kati, katika kipande cha Kilosa hadi Gulwe, imekatwa na maji mara nyingi, ikiwemo mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, na huko tuta lilijengwa na wahandisi.

Majitaka yasiachwe pembeni. Maji yenye kina cha mita 1 hukisukuma kila kipande cha ukuta chenye urefu wa mita 10 kwa nguvu ya takriban tani 5, lakini tangi tupu la chini ya ardhi lenye mita za ujazo 10 husukumwa juu kwa karibu tani 10, na linaweza kuibuka likipasua mabomba. Tangi lizuiwe kwa zege la uzito wa kutosha, mfuniko wake uwe juu ya kimo cha mafuriko, na shimo la kunyonya lisiwekwe kwenye udongo wa mbuga, ambao haunyonyi. Choo cha shimo katika ardhi hiyo hakipaswi kuruhusiwa kabisa.

Kuwasilisha maombi na kujenga

Maombi ya kibali cha ujenzi huwasilishwa halmashauri, na siku hizi mfumo wa kielektroniki wa TAUSI hutumika. Ambatisha uthibitisho wa umiliki, michoro ya usanifu kutoka kwa mbunifu aliyesajiliwa, michoro ya mhandisi, ramani ya upimaji inayoonyesha ukingo na mita 60, barua ya bodi ya maji, ripoti ya mafuriko na ripoti ya udongo. Hata pale ambapo hukuombwa ripoti hizo, ziweke. Zinampa afisa anayekagua msingi wa kuamua, na zinakulinda mwenyewe endapo mgogoro utatokea. Kwa majengo yanayohitaji mkandarasi, hakikisha amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi na kwamba bango la mradi limewekwa.

Wakati wa ujenzi kuna vituo vitatu ambavyo mhandisi anapaswa kuwepo bila kukosa: msingi ukiwa wazi kabla ya zege, kimo cha jamvi kabla ya kumwagwa, na tangi la majitaka kabla ya kufukiwa. Kimo cha jamvi kipimwe kwa levo kutoka kwenye ile alama ya kudumu, kiandikwe na kusainiwa, na nakala ibaki kwenye jalada. Panga kazi za msingi zikamilike kabla ya Novemba, kwani shimo lililo wazi katika mbuga likiingiwa na maji ya mvua ya kwanza hubadilisha nguvu ya udongo uliopimwa.

Jengo likikamilika na kukaguliwa, hubaki suala la uzio, ambao mara nyingi hujengwa baadaye na fundi mwingine pasipo kibali. Ukuta wa bloku uliozibwa hadi chini, ukikatiza mwelekeo wa maji, huwa bwawa: huinua maji upande wa juu kupita kimo kilichokokotolewa, na ukianguka huachilia wimbi kwa aliye chini. Ombea uzio kibali chake, mwonyeshe mhandisi mchoro, na uache matundu yenye nondo katika mstari wa chini au utumie wavu upande unaopokea maji. Matundu hayo yasafishwe kila Oktoba.